Kope Likishuka, Tutazame Ndani

Wazee wetu husema: dalili ya mvua ni mawingu. Mama aonaye wingu jeusi juu ya mlima hangojei tone la kwanza. Huianua mihogo yake upesi na kuiingiza nyumbani. Basi, mwili wetu nao una mawingu yake. Leo twataka kuwaeleza habari za wingu moja dogo ambalo watu wengi hulipita bila kulijali. Ni hili: kope la juu la jicho moja lashuka na kulifunika jicho nusu, na kope la jicho la pili labaki wazi kama kawaida.

Mtoto akiwa hivyo, watu husema nini? Baba asema: hakulala vema. Mwalimu asema: huyu ni mvivu, asinzia darasani. Jirani anong'ona kwamba kuna mtu amemwonea wivu na kumroga. Bibi asema: ni jicho tu, litapona lenyewe. Maneno yao ni mbalimbali, lakini wote wanne wamefanya jambo moja: wametazama kope, wala hawakufikiri kilicho nyuma yake. Pazia la mlangoni likianguka, mwenye nyumba mwenye akili hatazami kitambaa peke yake. Hutazama msumari, kisha hutazama na ukuta, maana pengine mchwa wameula ukuta kwa ndani.

Waganga wa hospitali walihitaji miaka mingi sana kujifunza kuutazama ukuta huo. Habari za kujifunza kwao zafaa kusimuliwa, kwa kuwa sehemu moja iliyo kubwa ilitendeka jirani yetu kabisa, katika nchi ya Uganda, na walioteswa na ugonjwa wenyewe walikuwa watoto kama wa kwetu.

NYUMBA YA JICHO

Kwanza yatupasa kuijua nyumba ambamo jicho hukaa. Jicho halikubandikwa juu ya uso. Limelala katika tundu la mfupa, ambalo kuta zake zimefanywa na mifupa 7 iliyoungana. Tundu hilo lafanana na faneli ya kutilia mafuta katika chupa: mbele ni pana, nyuma lazidi kuwa jembamba. Huko nyuma kuna nafasi ndogo ambamo mishipa ya fahamu na mishipa ya damu hupita ikitoka kichwani. Ndani ya tundu mna jicho lenyewe, misuli 6 ya kuligeuza, msuli mwingine wa kuinua kope, pamoja na mafuta laini yanayolikinga kama pamba inayokinga yai.

Majirani wa nyumba hiyo ni watatu. Juu ni ubongo. Chini ni mfupa wa taya la juu, wenye uwazi ndani yake. Upande wa pua mna vyumba vidogo vya hewa, na ukuta unaovitenga na jicho ni mwembamba mno. Waganga wameuita ukuta wa karatasi. Basi, jirani akiwa mgonjwa, ugonjwa waweza kuuvuka ukuta.

Tena tukumbuke kwamba mfupa haunyooki kama ngozi. Kitu chochote kikianza kukua ndani ya tundu, ikiwa ni usaha, ikiwa ni damu, ikiwa ni uvimbe wa kansa, hakina njia ya kwenda nyuma wala ya kwenda kando. Njia ni moja, kwenda mbele. Kwa hiyo jicho husukumwa nje. Kope nalo hushuka, ama kwa sababu limevimba na kuwa zito, ama kwa sababu msuli wake umeshikwa na ugonjwa, ama kwa sababu mshipa wa fahamu unaouamuru msuli huo umebanwa.

KANONI WA MODENA

Ni nani aliyetufundisha habari za msuli huo? Mwaka 1543 Andreas Vesalius, aliyefundisha uganga huko Padova katika nchi ya Italia, alitoa kitabu kikubwa chenye picha za mwili wa mtu. Watu wote walikistaajabia, na haki yao. Lakini hata mtaalamu mkubwa haoni yote. Baada yake alikuja Gabriele Falloppio, mtu wa mji wa Modena, ambaye alikuwa kanoni wa kanisa kuu la mji huo kabla ya kushika kazi ya uganga. Naye alifundisha Padova. Mwaka 1561 alitoa kitabu cha kueleza mambo aliyoyaona kwa macho yake mwenyewe, akayasahihisha mengine ya Vesalius kwa adabu na heshima. Kati ya aliyoyaeleza ulikuwamo msuli mwembamba unaoinua kope la juu. Mwaka uliofuata alikufa, umri wake ukiwa bado haujafika miaka 40.

Jambo hili laonekana dogo, lakini tulitazame vema. Msuli huo hauanzi katika kope. Mzizi wake uko nyuma kabisa, mwisho wa tundu la jicho, karibu na mahali mishipa inapoingia kutoka kichwani. Kope tulionalo ni ncha tu. Kope ni kama jani la muhogo: likinyauka, mkulima huchimbua mzizi.

MISHIPA YA FAHAMU

Baada ya msuli, waganga walianza kuijua mishipa inayouamuru. Mwaka 1727 munganga mmoja Mfaransa, François Pourfour du Petit, ambaye alikuwa amewatibu askari waliojeruhiwa vitani, alionyesha kwamba mishipa fulani ya fahamu ya shingoni ikikatwa, jicho la upande uleule hubadilika. Watu walishangaa: shingo na jicho zina udugu gani? Mwaka 1852 Mfaransa mwingine, Claude Bernard, alirudia kazi hiyo na kuieleza vizuri zaidi. Kisha mwaka 1869, huko Zürich katika nchi ya Uswisi, munganga wa macho Johann Friedrich Horner aliandika habari za mwanamke wa miaka 40 ambaye kope lake moja lilishuka kidogo, na mboni ya jicho hilo ikawa ndogo kuliko ya pili. Hata leo waganga wetu wa Kongo, waliosoma kwa Kifaransa, wauita ugonjwa huo kwa majina ya wote wawili, Claude Bernard na Horner.

Mwaka 1896 Mfaransa André Rochon-Duvigneaud alieleza jambo lililo karibu zaidi na habari yetu. Aliwaona wagonjwa ambao kope lao lilishuka, jicho likashindwa kugeuka huku na huku, na paji la uso upande ule likafa ganzi. Ishara tatu, mahali pamoja. Alionyesha kwamba ugonjwa wao ulikuwa nyuma ya tundu, katika ufa mwembamba wa mfupa ambamo mishipa hiyo yote hupita ikisongamana. Kaswende ndiyo iliyowaumiza. Tangu hapo munganga mwenye kujua haulizi tu kama kope limeshuka. Huuliza pia: jicho lageuka pande zote? Mboni ni sawa na ya pili? Ngozi yasikia ukiigusa? Kwa maswali hayo huupata mlango ambao ugonjwa umeupitia, kabla hajashika kisu wala dawa.

MUNGANGA MWENYE JICHO MOJA

Sasa tufike Uganda. Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 katika mji wa Enniskillen, Irlandi ya Kaskazini. Alipokuwa na miaka 11, jiwe lililorushwa na mtoto mwenziwe lilimpiga jichoni, na jicho hilo likapotea. Aliishi siku zake zote kwa jicho moja. Hata hivyo alisoma uganga, akawa mpasuaji, na mwaka 1946 alitumwa Uganda, kwanza Lira, kisha hospitali ya Mulago huko Kampala. Hakuwa Mkatoliki, lakini alikuwa Mkristu mwenye bidii ya sala, na kazi yake aliiona kuwa wito wa Mungu.

Mwaka 1957 mwenzake, munganga Hugh Trowell, alimwita aje kumtazama mtoto mwanamume wa miaka 5. Mataya yake yalikuwa yamevimba juu na chini, kuume na kushoto, meno yamelegea, uso umeharibika. Burkitt alistaajabu. Kwa kawaida usaha hushika upande mmoja, na kansa huanza mahali pamoja. Hapa palikuwa pahali pane. Haukupita muda mrefu, akaenda Jinja, na hapo akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile. Alimpima vema, akakuta mna uvimbe tumboni pia. Basi akaelewa kwamba si ajali. Ni ugonjwa mmoja wenye sura nyingi.

Alirudi Mulago, akafungua maandishi ya zamani ya hospitali. Akakuta watoto wengi waliokufa kwa uvimbe: huyu wa taya, yule wa figo, wa tatu wa tundu la jicho. Kila mmoja alikuwa ameandikwa peke yake, kana kwamba magonjwa yalikuwa mbalimbali. Hata munganga Albert Cook, aliyeianzisha hospitali ya misioni ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameandika habari za watoto wenye uvimbe wa taya. Ugonjwa ulikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuziweka ishara pamoja.

Jicho laingiaje hapa? Mfupa wa taya la juu ndio sakafu ya tundu la jicho. Uvimbe ukianzia katika taya hilo, hupanda juu, hutoboa sakafu na kulisukuma jicho. Pengine huanzia ndani ya tundu lenyewe. Pengine tena huishika mishipa ya fahamu, na kope hushuka hata kabla jicho halijatoka nje. Na ugonjwa huu hauna subira. Ni mmoja wa uvimbe unaokua haraka kupita wote unaojulikana kwa binadamu: kwa siku moja au mbili chembe zake zaweza kuwa maradufu. Mtoto aliyeonekana mzima Jumapili moja aweza kuonekana mtu mwingine Jumapili ya pili.

SAFARI YA MAILI 10000

Mwaka 1958 Burkitt aliandika habari hizo katika gazeti la wapasuaji la Uingereza. Kisha alitaka kujua: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo? Alipeleka karatasi zenye picha zaidi ya 1000 kwa hospitali za Afrika, akauliza: mmewaona watoto wa namna hii? Mwezi wa Oktoba mwaka 1961 alianza safari kwa gari pamoja na waganga wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson. Huyo Williams alikuwa munganga wa misioni huko Kuluva karibu na Arua, si mbali na mpaka wa Kongo. Walikwenda mpaka Afrika ya Kusini na kurudi, wiki 10, maili 10000 hivi, wakisimama hospitali kwa hospitali na kuuliza swali lilelile.

Wakachora ramani. Wakaona kwamba ugonjwa wafuata nchi zenye joto na mvua nyingi, na wapotea penye baridi na milima mirefu. Katika vilima virefu vya Rwanda na Burundi ulikuwa haba, lakini katika mabonde ya joto ulikuwa mwingi. Waganga wakajiuliza: ni kitu gani kipendacho joto na mvua, kichukiacho baridi ya milima? Mbu. Na palipo na mbu pana malaria.

Mwaka uleule wa 1961, mwezi wa Machi, Burkitt alikuwa London akifundisha juu ya ugonjwa huu. Katika wasikilizaji alikuwapo Anthony Epstein, mtaalamu wa virusi. Alisikia, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege. Mwaka 1964 yeye pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wamekuta virusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Ilikuwa mara ya kwanza virusi kuonekana katika kansa ya binadamu. Leo twajua kwamba virusi hivyo huingia karibu kila mtu duniani, na wengi hawaumwi navyo kwa namna hii. Lakini mtoto mdogo ambaye malaria humrudia mara kwa mara, kinga ya mwili wake huchoka na kuchafuka, na hapo ugonjwa hupata nafasi.

DAWA YAPATIKANA

Hapo mwanzo Burkitt alitumia kisu, na kisu hakikutosha. Ukikata taya, ugonjwa wabaki tumboni. Na mtoto aliteswa bure. Baadaye waganga wa Marekani wakamletea dawa mpya za kupigana na kansa. Akazijaribu, na watu wakaona ajabu: uvimbe ambao jana ulilisukuma jicho nje ukaanza kunywea kwa siku chache, jicho likarudi mahali pake, mama akamtambua tena mtoto wake. Si wote waliopona. Lakini wengine walipona kabisa, hata baada ya kupewa dawa mara chache tu. Dawa moja inayotumika hata leo yatoka katika ua dogo la Madagaska. Mwaka 1967 nyumba ya kutibu ugonjwa huu ilifunguliwa huko Mulago, na munganga wa Marekani John Ziegler aliiongoza. Kutokana na hiyo imekua hospitali ya kansa ya Uganda, ambayo yafanya kazi hata leo.

Tuangalie tena jambo moja. Dawa ilipatikana, lakini mtoto aliyechelewa haikumsaidia sana. Uvimbe ulipofika ubongoni, au ulipoua mshipa wa kuonea, hakuna aliyeweza kurudisha kilichopotea. Kwa hiyo mwenye kuokoa mtoto si munganga peke yake. Ni yule aliyeona kope limeshuka, akaondoka nyumbani siku ileile.

SI KANSA PEKE YAKE

Tusiwatishe wasomaji wetu. Si kila kope lililoshuka ni kansa. Wako watoto waliozaliwa hivyo, kwa kuwa msuli wao ni dhaifu tangu tumboni mwa mama. Wako wazee ambao makope yao yamelegea kwa uzee. Wako wengine ambao kope ni zima asubuhi, na jioni lashuka kwa kuchoka. Mwaka 1934 munganga mwanamke Mary Walker, huko London, alionyesha kwamba hao wasaidiwa na dawa ya sindano, na kope lainuka mbele ya macho ya watu. Ila yule aliyezaliwa hivyo naye apelekwe kwa munganga, maana kope likilifunika jicho la mtoto mdogo, jicho hilo halijifunzi kuona.

Lakini iko hatari nyingine ya tundu la jicho, nayo ni ya haraka: usaha. Mtoto apata mafua makali, vile vyumba vya hewa vya pua vyajaa uchafu, kisha ugonjwa wapenya ukuta wa karatasi. Mwaka 1970 waganga wa Marekani, Chandler na wenzake, waliupanga ugonjwa huo katika hatua 5. Katika hatua ya kwanza kope tu ndilo lililovimba. Katika hatua ya tano damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa ulio chini ya ubongo, na mgonjwa yu karibu na kifo. Kati ya ya kwanza na ya tano, siku ni chache. Zamani, kabla ya penisilini na ndugu zake, wengi walipofuka na wengi walikufa. Leo dawa zipo. Kinachotakiwa ni kufika mapema.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Basi tufanye nini sisi Wakristu wa vijijini na wa mijini? Kope la mtoto likishuka ghafula, tuulize mambo haya. Je, ana homa, na kope ni jekundu na moto? Je, jicho lamwuma akiligeuza, au lakataa kugeuka? Je, aona vitu viwili palipo na kimoja? Je, mboni za macho hazilingani? Je, jicho lazidi kutokeza nje? Ili kulijua hilo la mwisho, mkalishe mtoto, simama nyuma yake, tazama kutoka juu ya paji la uso wake. Jicho lililosukumwa litaonekana limepita mwenziwe. Je, meno yake ya juu yamelegea kabla ya wakati, au shavu limevimba? Tukikuta hata jambo moja katika hayo, tusingoje siku ya soko. Tumpeleke kituo cha afya leo, na wakisema aende hospitali, aende.

Tusianze kwa mfumu. Mfumu atatafuta nani amemroga, na jirani asiye na kosa atachukiwa, na siku zitapita. Na tumeona kwamba ugonjwa huu huhesabu siku. Tusikamue kope, wala tusilichanje wala kulitia maji ya majani. Mwalimu na katekista, nao huwaona watoto kila siku, wasimpige mtoto kwa kuwa asinzia kabla ya kumtazama usoni.

Na ugonjwa wa malaria tuupige vita, maana ndio unaoifungulia kansa hiyo mlango. Watoto walale ndani ya chandarua. Mwaka 2024 nchi yetu ilianza kuwapa watoto chanjo ya malaria, ikianzia Kongo-Central. Chanjo ikifika kwetu, tuwapeleke watoto bila kusikiliza uvumi.

Katika Kitabu cha Tobiti twasoma habari za mzee aliyepofuka na kuponywa. Mungu angeweza kumponya kwa neno moja tu. Lakini alitaka kijana Tobia asafiri njia ndefu, amsikilize malaika Rafaeli, achukue dawa mkononi na kumpaka baba yake machoni. Uponyaji ulitoka kwa Mungu, na miguu ilikuwa ya Tobia. Ndivyo ilivyo hata sasa. Tumwombe Mtakatifu Lusia, ambaye Kanisa humkumbuka tarehe 13 Desemba na Wakristu humkimbilia kwa ajili ya macho. Na tukiisha kusali, tumbebe mtoto mgongoni, tushike njia.